Chanya, Hasi na Sijui

Mkinipita Mpendae mkaniona barazani nnachambua mchele, huenda mkadhani nilikuwa mwalimu wa skuli. Wengi hudhani hivyo, na mimi huwaacha. Nilikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na kabla ya hapo mpiga taipu. Nasra, ambaye mtamjua huko mbele, kaniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi hii, akanionya nisiwachoshe kwa mambo ya zamani. Nimemwambia ya zamani ndiyo niliyonayo.

Ofisi yetu ilikuwa Mlandege, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa watu wachache, na mteja wetu mkubwa alikuwa maabara moja ya damu pale mjini. Vituo vya afya vya shamba vilituletea habari za watu waliojitolea kutoa damu, na habari hizo zilikuja kwa ujumbe wa simu, kwa sababu simu ndogo ndiyo iliyokuwa mkononi mwa kila muuguzi. Ujumbe wa mtu mmoja ulitakiwa uwe na sura hii:

jina=Vuai; kijiji=Makunduchi; kundi=O; alama=chanya; uzito=68

Upande wa kushoto ni jina la kisanduku, upande wa kulia ni kilichomo ndani. Kwa macho ya mtu ni wazi kabisa. Kwa kompyuta yote hayo ni mlolongo wa herufi tu, haijui kwamba 68 ni kilo wala kwamba O ni kundi la damu. Kazi yangu ilikuwa kuuchukua mlolongo ule na kuupanga ndani ya muundo ambao kila kisanduku kina aina yake: uzito lazima uwe namba, kundi lazima liwe A, B, AB au O, na alama, ile inayofuata kundi, iwe chanya au hasi. Muundo wa aina hiyo haukubali kitu kisichokuwa chake. Ukiujaza sawasawa, mtu wa maabara anaweza kuuamini. Ukiujaza vibaya, anauamini vile vile, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mimi nilikuwa na vidole vyepesi. Taipu ilinifundisha kuandika bila ya kutazama, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Kwa kila kisanduku nikiandika mistari minne au mitano ya msimbo, yaani zile amri tunazoipa kompyuta: tafuta jina hili, kama lipo chukua kilichomo, kigeuze kiwe aina inayotakiwa, kiweke pahala pake. Kisha nikinakili mistari ile ile kwa kisanduku kinachofuata na kubadilisha jina. Fomu zetu, za watoaji, za miadi na za kuomba damu, zilifika kumi na nne, na kila moja ina visanduku vyake. Zote niliziandika kwa mkono, na wenzangu wakinisifu kwa wepesi.

Sasa nikupeni kosa langu, maana kama sikulisema mimi atalisema Nasra.

Ile alama ya chanya au hasi niliiwekea aina ya ndiyo na hapana. Ndiyo ikiwa chanya, hapana ikiwa hasi. Niliona ni ufundi, maana inachukua nafasi ndogo. Lakini nilijiuliza: kama kisanduku hakimo kabisa kwenye ujumbe, niweke nini? Nikaacha ile hapana ambayo kompyuta huiweka yenyewe pakiwa hamna kitu. Sikulifikiria zaidi ya hapo. Nikaenda kunywa chai.

Kituo kimoja cha kusini kilipata muuguzi mgeni. Yeye badala ya kuandika alama=chanya akiandika ishara=chanya. Neno zuri, maana yake ni ile ile, lakini programu yangu ilikuwa inatafuta alama, na ishara haikuijua. Kila aliyepita mkononi mwa muuguzi yule akaingia kwenye orodha kuwa ni hasi. Damu ya hasi kwetu ni adimu, na orodha ya watu wake ndiyo inayofunguliwa mwanzo pakitokea shida.

Shida ikatokea. Siku moja asubuhi mama mmoja aliyejifungua alikuwa anavuja damu, na damu yake ilikuwa O hasi. Maabara haikuwa na mfuko hata mmoja wa namna hiyo. Wakaifungua orodha, wakamkuta Bwana Vuai wa Makunduchi, mchoma chokaa, mtu wa makamo mwenye afya. Wakampigia simu. Aliacha kazi, akapanda gari, akafika mjini baada ya zaidi ya saa nzima, bado ana vumbi jeupe kwenye nyusi. Bi Mwanaidi, mkuu wa maabara, alimtoa tone la damu akalipima, kwa sababu yeye hapitishi kitu bila ya kukipima mwenyewe. Jibu likatoka O chanya. Akapima tena. O chanya.

Saa nzima ikawa imepotea bure. Mama yule aliokolewa na muuguzi wa wodi nyengine aliyekumbuka kwamba yeye mwenyewe ni O hasi. Alivua saa yake ya mkononi, akalala kitandani, akatoa.

Mimi niliitwa. Nilipofika hospitali nilikutana ukumbini na mume wa yule mama. Sijui nani alimwambia kwamba mimi ndiye niliyetengeneza ile orodha ya kompyuta. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumtafutia mke wake damu. Nilishindwa kumwambia ukweli. Nikasema alhamdulillahi, nikapita. Mkono ule nnausikia mpaka leo.

Bi Mwanaidi hakunigombeza. Tulikuwa rika moja na tukiheshimiana. Alinikalisha karibu na hadubini yake, akamaliza alichokuwa anakiandika, ndipo akanigeukia.

"Bi Zuhura," akasema, "mimi nikipima damu nina majibu matatu. Chanya, hasi, na sijui. Wewe umenipa mawili tu. Lile la tatu umelipeleka wapi?"

Nikamjibu kwamba nimelitia ndani ya hasi.

"Basi lirejeshe. Sijui ni jibu. Nikiona sijui, ntapiga simu niulize. Nikiona hasi, ntamwita mtu aje atoe damu, na mgonjwa anangoja."

Hayo ndiyo masomo yangu ya programu, wanangu. Nimesoma vitabu vingi na nimekaa kwenye mafunzo mengi, lakini aliyenifundisha kazi ni mwanamke ambaye hajapata kuandika mstari mmoja wa msimbo. Jioni ile ile nilianza kubadilisha. Kila kisanduku kikawa na njia tatu: kimo na kimeeleweka, kimo lakini hakieleweki, hakimo. Fomu kumi na nne, kwa mkono, mstari kwa mstari. Ilinichukua wiki.

Bwana Vuai naye alinifundisha jambo, ingawa yeye alikuwa anacheka. Baada ya siku ile aliamua kuwa mtoaji wa kudumu, akasema kashaijua njia. Muuguzi wa kwao alituma ujumbe wa miadi yake ukiwa na saa=9, yaani saa tisa alasiri. Kompyuta inahesabu saa zake kutoka usiku wa manane, kwa hivyo tisa yake ni saa tatu yetu ya asubuhi. Maabara wakatandika kitanda saa tatu, wakangoja, hakuja mtu. Bi Mwanaidi akampigia simu, akamwambia amechelewa. Masikini akaliacha tanuri lake, akaja mbio, mweupe kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, na kila aliyepita ukumbini akimpisha. Alipoambiwa kwamba kosa ni la programu, akaomba kumuona mwenye programu.

"Bibi," akaniambia, "saa tisa kwetu ni saa tisa. Hiyo ya kwako imepimwa wapi?"

Nilimuomba radhi, na nikatengeneza aina mpya nikaiita saa ya Kiswahili. Aina hiyo haikubali namba peke yake. Inataka neno la asubuhi, mchana, alasiri au usiku, kisha inageuza yenyewe. Ukitaka kujua kama mtu kaijua kazi hii, tazama kama anatengeneza aina zinazofanana na maisha ya watu wake, au anawalazimisha watu wafanane na kompyuta yake.

Nasra alikuja ofisini miaka kadhaa baadaye. Mama wa watoto wawili, mpole wa maneno, jirani yangu wa mtaa wa pili pale Mpendae. Alikuwa amefanya kazi kwengine na anajua lugha mpya ya programu tuliyotaka kuhamia. Wiki ya kwanza aliusoma msimbo wangu wote. Wiki ya pili alinisalimia asubuhi, shikamoo, nikamwitikia marahaba, akavuta kiti akauliza kwa adabu kwa nini nimeandika jambo moja mara mia mbili.

Nikamwambia si jambo moja, ni visanduku mbali mbali.

Akasema majina ndiyo mbali mbali, kazi ni moja. Akanieleza kitu kinachoitwa makro. Ni kipande cha msimbo ambacho kazi yake ni kuandika msimbo mwengine. Wewe unaandika muundo wako mara moja tu: jina ni maneno, uzito ni namba, kundi ni kundi la damu, alama ni alama. Juu yake unaweka mstari mmoja wa kuiita makro. Kabla ya programu kuanza kazi, makro inausoma muundo ule, inaona kila kisanduku na aina yake, na inaandika yenyewe mistari yote ya kutafuta, kugeuza na kuweka. Mimi nilipokuwa mpiga taipu tulikuwa na stensili: unaikata mara moja, mashine inatoa nakala mia. Kwa hivyo wazo halikunishinda. Kilichonishinda ni moyo.

Nilikataa. Nilimwambia sitaki msimbo nisiouona. Baada ya siku ya Bwana Vuai niliapa kwamba kila mstari unaogusa damu ya mtu nitausoma kwa macho yangu. Na nikuambieni ukweli wote, vidole vyangu pia viliona wivu. Kama kompyuta itaandika, mimi nifanye nini?

Nasra hakubishana. Bi Mwanaidi wakati huo alitaka kisanduku kipya katika fomu zote za watoaji, cha tarehe ya mwisho mtu kutoa damu, ili asije akatolewa mapema mno. Mimi nilianza asubuhi kwa njia yangu, Nasra akaanza kwa njia yake kwenye nakala yake, aliyokwisha kuiandika upya kwa makro. Yeye aliongeza mstari mmoja katika kila muundo, na alipomaliza maandazi aliyokuja nayo yalikuwa bado ya moto. Mimi, alasiri iliadhiniwa nikiwa kwenye fomu ya kumi na moja. Nilipomaliza nilijisikia vizuri, maana nilijua nimefanya kwa uangalifu. Tukalinganisha. Katika fomu ya tisa nilikuwa nimenakili mistari na sikubadilisha jina. Tarehe ya mwisho kutoa damu ilikuwa inakwenda kukaa kwenye tarehe ya kuzaliwa. Mtu wa miaka arubaini angeonekana ana miezi mitatu.

Nilikirekebisha kisanduku kile. Nasra alinisogezea andazi lililobaki, na nampenda kwa andazi lile.

Baadaye akanionyesha jambo ambalo angenionyesha tangu mwanzo kama nisingekuwa mkaidi. Kuna amri ya kuiambia kompyuta ikuchapishie msimbo ambao makro imeuandika. Hakuna kilichofichwa. Akanichapishia wote, kurasa juu ya kurasa. Nikauchukua nyumbani, nikausoma siku mbili kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikisahihisha barua za mabosi zamani. Ulikuwa msafi kuliko wangu. Haukuchoka, haukusahau jina. Lakini siku ya pili nikakuta kitu. Ujumbe ukiwa na kisanduku kimoja mara mbili, kwa mfano muuguzi kaandika kundi=A, kisha akagundua kakosea akaandika kundi=B mbele yake, makro ilichukua la mwisho kimya kimya, bila ya kumwambia mtu.

Nilimpelekea Nasra karatasi yenye duara jekundu. Aliifuata mistari kwa kidole mpaka mwisho.

"Hili sikuliona kabisa, Bi Zuhura," akasema. "Tungelipata siku mtu keshaumia."

Akairekebisha makro pahala pamoja, ikawa kisanduku kikija mara mbili ujumbe unakataliwa na muuguzi anaulizwa. Pahala pamoja tu, na fomu zote kumi na nne zikapona kwa pamoja, saa ile ile. Kwa njia yangu ingekuwa wiki nyengine ya kunakili, na fomu ya tisa nyengine mahala fulani inanisubiri. Siku hiyo nilifahamu nifanye nini kompyuta ikiandika: nisome. Tukaitia na saa yangu ya Kiswahili ndani yake, na tangu hapo tulikuwa wawili kazini kweli kweli.

Hatukuiamini makro kwa siku moja tu. Tuliziendesha programu mbili kwa pamoja, yangu ya mkono na ya makro, kila moja ikipokea ujumbe ule ule na kutoa karatasi yake maabara. Mwezi wa kwanza karatasi zilifanana zote. Mwezi wa pili, siku ya Jumanne baada ya adhuhuri, hazikufanana.

Ujumbe ulitoka kituo kimoja cha kaskazini. Mgonjwa wa ajali anahitaji damu, gari ya hospitali iko tayari kuja kuichukua. Kwenye ujumbe palikuwa na kundi=0. Si herufi O, ni sifuri. Programu yangu ya mkono ilikuwa na ubovu mwengine ambao sikuujua katika fomu ile moja, maana kisanduku chake cha kundi nilikiruka nilipotia zile njia tatu: ikikuta kundi isilolifahamu, inachukua la kwanza kwenye orodha yake. Karatasi yangu ikatoka imeandikwa A. Karatasi ya makro haikuandikwa kundi lolote. Ilisema: kisanduku cha kundi kina sifuri, sifuri si kundi la damu, ujumbe haukupokewa.

Bi Mwanaidi alitupigia simu, na tukaenda wote wawili kwa miguu, haraka. Alikuwa ameziweka karatasi mbili mezani. Mimi niliona jambo ni jepesi. Nikasema huyo muuguzi kakosea kibonyezo tu, alikusudia herufi O, na tungeifundisha makro kwamba sifuri ni O ili ujumbe upite. Nasra akakubali, akasema ni mabadiliko ya dakika mbili.

Bi Mwanaidi alikuwa keshanyanyua simu. Alimuuliza muuguzi wa kaskazini sifuri ile ni nini. Akasikiliza, akamwambia ampime mgonjwa sasa hivi, yeye anangoja kwenye laini.

Aliiziba simu kwa kiganja akatutazama. "Kaandika sifuri kwa sababu hawajampima."

Tulikaa pale tunasikiliza saa ya ukutani mpaka jibu likaja. Lilikuwa B chanya. Mifuko ikatoka, gari ikaondoka, na jioni tukapata habari kwamba mgonjwa anaongea na anaomba maji. Karatasi yangu yenye A ilibaki mezani. Kaskazini wangempima mgonjwa kabla ya kumtia damu, hilo nnalijua, lakini gari ingekuwa imepeleka A na kurudi kuchukua B kwanza, na mgonjwa yule hakuwa na muda huo.

Tulipokuwa tunarudi Mlandege, Nasra aliniambia anaona haya kwamba na yeye alitaka kuibadilisha sifuri iwe O. Nikamwambia asione haya, ila aandike sheria, na tukaiandika pamoja kesho yake juu ya faili la makro: tusibahatishe, tuulize. Ipo mpaka leo, nendeni mkaitazame.

Huenda mkaniuliza nnajivunia nini, maana mnaona nnajivuna. Vituo vya kusini na kaskazini vinatuma ujumbe hivi sasa, na ndani ya kila ujumbe kuna mtu. Mtu huyo anaingia kwenye muundo wake akiwa mzima, kila kitu chake pahala pake, au anarudishwa mlangoni na swali la wazi linaloweza kujibiwa. Hayo tumeyafanya sisi, watu wa kisiwa hiki, kwa lugha yetu, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Hatukumngoja mtu aje kutufanyia.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Nasra alisema wakati umefika wa kuufuta msimbo wa mkono. Makro ilikuwa imefanya kazi peke yake miezi mingi na ule wa zamani umebaki umelala tu. Akanipisha kwenye kiti, akasema hawezi kuufuta yeye. Nikaufungua nikaupitia mara moja. Maelfu ya mistari, miaka ya vidole vyangu. Mengine niliyakumbuka mpaka hali ya hewa ya siku nilipoyaandika. Fomu ya tisa niliitazama kidogo zaidi. Kisha nikaufuta wote, nikaijenga programu upya, ikapita majaribio yake yote, nikaiwasha.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulikaa tunaikodolea macho skrini. Ujumbe ukaja, ukapangwa. Mwengine ukaja, ukapangwa. Mmoja ulikosa uzito, ukarudishwa na swali, ukaja tena umekamilika. Nasra akaleta chai.

Saa sita Bi Mwanaidi akapiga simu. Alikuwa anajua kwamba siku hiyo tunaondoa programu ya zamani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kwa usumbufu. Aliuliza tunaanza saa ngapi, ili awaambie watu wake wapunguze kazi.

Nikamwambia tushamaliza tangu saa tatu.

"Basi mie sikuona kitu kubadilika," akasema, akakata simu, akarudi kwenye kazi yake. Nimepewa vyeti na nimesimamishwa mbele ya watu nikapigiwa makofi, lakini katika maisha yangu yote ya kazi sijapata sifa iliyonifurahisha kama hiyo.